Ekari ya Milioni Mia Nane

Kabanga ninayoizungumzia si ile ya nikeli kule Ngara. Ni Kabanga ya Kasulu, yenye hospitali ya misheni, chuo cha ualimu, migomba na mashamba ya maharage. Hapo kila mwisho wa mwezi muuguzi anaikunjua hati yake ya mshahara na kukuta fedha zimeshakatwa kabla hazijamfikia mkononi. Makato yanakwenda NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Sheria inautaka mfuko upate asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiriwa anabeba nusu, mwajiri nusu. Anayelipwa shilingi 600,000 anachangiwa 120,000 kila mwezi, akipenda asipende, mpaka siku atakapostaafu.

Fedha hizo hazilali benki zikisubiri azeeke. Zinawekezwa, na ni lazima ziwekezwe, la sivyo mfumuko wa bei utazila zote. Kinachonishughulisha ni kwamba muuguzi haulizwi ziende wapi, na mara nyingi hajui kwamba zimeondoka. Wazee wa huku kwetu Buha wanaifahamu safari ya namna hii. Enzi za mkoloni vijana wa Kasulu na Kibondo walisombwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga, na jasho lao likajenga utajiri wa mashamba ambayo wajukuu wao hawajawahi kuyaona. Siku hizi mtu habebwi tena kwenye lori. Jasho lake linasafiri peke yake kwa njia ya benki.

Sehemu ya jasho hilo ilikwenda Kigamboni.

Ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kando ya Bahari ya Hindi, palipangwa kujengwa mji mpya uitwao Dege Eco Village. Michoro yake ilipendeza: maghorofa yaliyopangwa kwa safu, nyumba za kifahari, maduka, miti, bahari mbele ya dirisha. Nyumba zote pamoja zilikusudiwa kuwa 7,460, na gharama ya mradi ilitajwa kuwa dola za Marekani zaidi ya milioni 650. Wenye mradi walikuwa wawili, NSSF na kampuni binafsi ya Azimio Housing Estates, waliounda kampuni ya pamoja iliyoitwa Hifadhi Builders. Ujenzi ulianza kushika kasi mwaka 2014, na magazeti yakaandika kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuona mradi wa nyumba wenye ukubwa huo.

Hebu tuutazame mgawo. Mfuko wa wafanyakazi ulipewa hisa asilimia 45. Mbia binafsi alichukua 55. Katika hizo 55 zake, 20 hazikuwa fedha. Zilikuwa ardhi.

Hakuna kosa kwa mtu kuingia kwenye ubia kwa ardhi yake. Ardhi ni mtaji, na anayeitoa anastahili fungu lake. Swali ni bei. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakati huo Profesa Mussa Assad, ilipofika bungeni Aprili 2016, ilionyesha kwamba katika mahesabu ya ubia huo ekari moja ilithaminishwa kwa shilingi milioni 800. Ekari moja! Muuguzi wetu wa Kabanga, kwa michango yake na ya mwajiri wake kwa pamoja, angehitaji zaidi ya miaka 555 kuilipia. Au tuseme wauguzi 556 wachange mwaka mzima bila hata mmoja kukosa, waje wapate ekari moja ya kichaka cha Kigamboni. Mradi ulihitaji ekari 300.

Ripoti haikuishia hapo. Mbia alikuwa ametajwa kuwa na ekari 20,000 kwa ajili ya mipango ya pamoja, lakini mkaguzi alipotafuta uthibitisho wa umiliki aliona takriban 3,500.

Natambua namba kubwa huwa zinapita juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo nizilete nyumbani. Tuseme kikundi cha akina mama wa Kabanga wamekusanya milioni 8 kwa VICOBA, wanataka kununua mashine ya kusaga. Anatokea shemeji wa mwenyekiti, ana kiwanja karibu na soko.

"Shemeji, ninyi leteni mashine, mimi naleta kiwanja. Faida tutagawana."

"Kiwanja chako kina thamani gani?"

"Hiki? Barabara ya lami ikifika hapa, si chini ya milioni kumi."

"Nani kakithamini?"

"Shemeji nawe! Mwenye kiwanja si mimi?"

Kiwanja cha mfano huohuo jirani yake aliuza mwaka jana kwa laki tano. Akina mama wakikubali, shemeji anakuwa mwenye hisa nyingi kuliko wao siku ileile, kabla mashine haijasaga hata debe moja. Biashara ikienda vizuri, fungu kubwa ni lake. Ikienda vibaya, yeye kapoteza kiwanja cha laki tano na wao wamepoteza milioni 8. Hakuiba kitu. Mkataba upo, sahihi zipo, picha ya kukata utepe ipo. Ila tangu mwanzo ile tofauti ya bei ilikuwa zawadi kutoka kwa maskini kwenda kwa mwenye kiwanja, ikapewa jina la uwekezaji.

Kwa mradi wa Dege jambo lilikuwa na ncha nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa nini ardhi ya Kigamboni ilipanda bei miaka ile? Sababu moja kubwa ni daraja. Kwa miaka mingi Kigamboni ilikuwa upande wa pantoni, mtu anapanga foleni na magari, kuku na maiti, akisubiri kuvuka. Halafu likajengwa Daraja la Nyerere, mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, likafunguliwa Aprili 2016, mwezi uleule ambao ripoti ya mkaguzi ilikuwa ikisomwa. Gharama za daraja zilibebwa na NSSF kwa asilimia 60 na Serikali kwa 40. Kwa maneno mengine, mwanachama alichangia kujenga daraja, matarajio ya daraja yakaipandisha bei ardhi ya ng'ambo hata kabla halijafunguliwa, na mfuko wa mwanachama huyohuyo ukaingia ubia na mwenye ardhi kwa bei iliyopanda, tena iliyopanda kupita kiasi. Mtu analipishwa mara mbili kwa kitu alichokigharimia mwenyewe.

Wakati huohuo wakazi wa kawaida wa Kigamboni walikuwa wamefungwa mikono. Tangu mwaka 2008 Serikali ilikuwa imetangaza mpango wa mji mpya, na katika maeneo yaliyoguswa watu walizuiwa kujenga wala kuendeleza maeneo yao kwa miaka wakisubiri fidia na ramani, mpaka mpango wenyewe ukafutwa. Mwenye robo ekari na nyumba ya tope hakupata mthamini wa kumwambia kwamba amekalia mamilioni.

Mwanzoni mwa 2016 ujenzi wa Dege ulisimama. Uongozi wa mfuko ulibadilishwa, wakubwa kadhaa wakasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na Kamati za Bunge zikaenda kuangalia. Zilikuta kilichokuwa kikionekana na kila aliyepita upande ule: maghorofa yaliyofika juu lakini hayana madirisha, nguzo zenye nondo zilizochomoza zikipata kutu kwa upepo wa chumvi, nyasi zikipanda ngazi. Miaka ikapita, mfuko ukafika mahali pa kutafuta wa kuununua mradi kama ulivyo. Zege lililoachwa wazi pwani haliongezeki thamani kwa kukaa, na anayekuja kununua jengo lililotelekezwa huja na bei yake mfukoni.

Sikusudii kumhukumu mtu hapa. Mbia alikuwa mfanyabiashara, na kazi ya mfanyabiashara ni kuiuza mali yake kwa bei ya juu kadiri atakavyoweza. Mwenye jukumu la kusema "hapana, bei hii siyo" ni yule aliyekabidhiwa fedha za wenzake. Huyo ndiye ambaye mikataba ya aina hii humlainisha, kwa sababu fedha si zake, wenye fedha wako mbali, na hakuna hata mmoja wao atakayegonga mlango wa ofisi yake Jumatatu asubuhi. Shemeji wa mashine ya kusaga angekutana na akina mama kisimani. Nani wa Kabanga angekutana na mkurugenzi wa uwekezaji wa Dar es Salaam?

Watu hupenda kuyaunganisha haya na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Mwaka 2018 wastaafu waliokuwa wakilipwa asilimia 50 waliposikia kwamba malipo yao ya mkupuo yatashushwa hadi asilimia 25, kelele zilipanda mpaka Rais Magufuli akasitisha kanuni zile mwezi Desemba. Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Sisemi kwamba maghorofa ya Kigamboni ndiyo yaliyozaa kikokotoo. Hesabu za mifuko zina mengi, yakiwemo madeni ya Serikali yenyewe, ambayo yalikuwa makubwa kuliko Dege. Lakini mwanachama mstaafu anapoambiwa avumilie kwa ajili ya uhai wa mfuko, ana haki ya kukumbuka kwamba uhai huohuo haukuhurumiwa kwenye meza ya kuthamini ekari.

Wala Dege si mradi wa pekee. Pale Karume, Ilala, kuna Machinga Complex. Humo hakukuwa na mwenye ardhi binafsi wa kumlaumu: NSSF iliikopesha Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kiasi cha shilingi bilioni 12 hivi, likajengwa jengo la biashara kwa ajili ya wamachinga. Wamachinga wenyewe walipoliona hawakulitaka. Mteja wa soksi na chaja hapandi ghorofa ya tatu, yeye hununua akiwa njiani kwenda stendi. Sehemu kubwa ya jengo ikabaki tupu kwa miaka, riba ikaendelea kukua, deni likazidi mara mbili ya mkopo. Kila mpita njia angeweza kuwaambia wapanga mipango kuhusu yule mteja wa soksi, bila kulipwa posho.

Majirani zetu Uganda nao walionja mwaka 2008, pale NSSF yao iliponunua mamia ya ekari huko Temangalo kwa takriban shilingi bilioni 11 za Uganda. Miongoni mwa waliohusishwa na uuzaji alikuwa waziri wa usalama wa wakati huo, Amama Mbabazi. Kamati ya Bunge ilichunguza, wabunge wakagawanyika, na mpaka leo Mganda mtu mzima ukimtajia Temangalo hahitaji maelezo.

Na asifikiri mtu kwamba ni ugonjwa wa Waafrika. Mji wa New London, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ulitumia sheria kuwaondoa watu kwenye nyumba zao ili eneo lijengwe hoteli, ofisi na maghorofa jirani na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Kesi ya mwanamke aliyegoma kuondoka, Susette Kelo, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 mji ukashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Fedha za umma zilizotumika kulisafisha eneo zilikuwa kama dola milioni 78. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kuondoka. Hoteli haikujengwa, ofisi hazikujengwa, na kwa miaka mingi eneo lile lilikuwa la magugu na paka wa mwituni. Wamarekani wana wanasheria kila kona, na bado walishikwa.

Sasa haya yote yanaihusu nini Kabanga, zaidi ya makato ya muuguzi?

Yanaihusu kwa sababu ya lami. Barabara ya kutoka Manyovu kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kabingo, kilometa zipatazo 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika imeigharimia pamoja na Serikali, imeifungua nyanda hii iliyokuwa ikifungwa na tope kila masika. Anayelima maharage Kibondo anajua maana yake. Dalali wa viwanja naye anajua, tena pengine alijua mapema zaidi. Kila lami inapopita, thamani ya ardhi inapanda bila mwenye ardhi kunyanyua jembe, kwa fedha ya walipa kodi. Hapo ndipo wabia hutokea. Watakuja halmashauri na michoro yenye rangi: soko la kisasa, stendi yenye maduka juu, hoteli, kituo cha mafuta. Watasema halmashauri itoe ardhi na fedha kidogo za kuanzia, wao watafanya yaliyobaki. Au watakuja kinyume, kama kule Dege: wao wana ardhi, halmashauri ilete fedha. Baadhi yao watakuwa wakweli na miradi yao itakuwa mizuri. Nchi hii inahitaji masoko na stendi, na halmashauri haiwezi kujenga kila kitu kwa ushuru wa mazao.

Tofauti kati ya mbia mwema na shemeji wa mashine ya kusaga haionekani kwenye mchoro. Inaonekana kwenye karatasi za nyuma, zile ambazo diwani hupewa dakika kumi kabla ya kikao. Ardhi imethaminiwa na nani, na kwa kulinganisha na mauzo gani ya jirani? Tangu 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, na Mthamini Mkuu wa Serikali yupo. Thamani aliyojipangia mwenye mali haina sababu ya kuingia kwenye mkataba wa umma. Umiliki wa ekari zote umethibitishwa kwa hati, au kwa kauli tu? Fedha ya nani inaingia kwanza? Hili la mwisho ningeomba diwani alikazie. Mbia ambaye fedha yake inaingia ya mwisho hana haraka ya kumaliza, na mradi ukisimama katikati yeye hulala usingizi. Na kuna swali la Machinga Complex, ambalo halihitaji mhasibu: watu watakaolipa kodi ya vibanda hivi wapo? Waulizwe wao. Mama anayepanga nyanya chini sokoni Kasulu atakuambia kwa dakika mbili kama atahamia ghorofani.

Kwa ardhi ya kijiji, sheria imekupa nguvu ambayo mwanachama wa NSSF hana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni watu wote wazima wa kijiji, si mwenyekiti na mtendaji na wageni wawili waliokuja na gari. Tatizo ni kwamba mikutano yetu huhudhuriwa na wachache, muhtasari huandikwa baadaye, na majina ya waliohudhuria hujazwa na mtu mmoja kwa kalamu moja. Nimeona mihtasari ya namna hiyo, mwandiko uleule toka jina la kwanza mpaka la themanini.

Wafanyakazi nao wana mlango wao, ingawa ni mwembamba. Bodi ya NSSF ina wawakilishi wa wafanyakazi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa kwa Rais kila mwisho wa Machi na hufika bungeni Aprili, zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili pia, na kila mwenye simu ya intaneti anaweza kuzipata bure. Chama cha wafanyakazi tawi la hospitali au chuo kikitenga mkutano mmoja kwa mwaka, mwezi Mei, kusoma kurasa zinazohusu mfuko wao tu, watakuwa wamejua mengi kuliko waliyojua wenzao mwaka 2014.

Basi ndugu msomaji wa Kabanga, wa Kasulu mjini, wa Kibondo: mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa na kwenye agenda kuna neno ubia, nenda. Ukifika, omba karatasi ya mthamini isomwe kwa sauti, tarakimu zote, kabla hamjanyoosha mikono.